Shule zilipofungwa kwa korona: kwa nini masomo ya mbali hayakuwafikia watoto wengi wa Nairobi, na kwa nini deni bado halijalipwa

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, kutangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zote zifungwe. Za kutwa zilifunga milango kesho yake. Za bweni zikapewa hadi Jumatano, vyuo vikuu hadi Ijumaa. Wazazi wengi wa Nairobi walikadiria kwamba ni mapumziko ya wiki chache, na baadhi yao wakawapeleka watoto ushago kwa nyanya na babu. Tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikapigwa marufuku. Waliokuwa ushago wakakwama huko, waliobaki mjini wakakwama mjini, na hali hiyo ikaendelea hadi Julai. Kwa wanafunzi wengi wa Kenya, kengele ya shule haikulia tena hadi tarehe 4 Januari 2021, miezi tisa na nusu baadaye.

Majirani zetu walipita njia tofauti. Tanzania ilifunga shule katikati ya Machi 2020 na kuzifungua tena mwisho wa Juni mwaka huohuo. Uganda ilifunga, ikafungua nusunusu, ikafunga tena, na haikufungua shule zote hadi tarehe 10 Januari 2022, kufungwa kulikohesabiwa kuwa miongoni mwa kurefu zaidi duniani. Kenya ilikuwa katikati.

Mtu akiuliza kwa nini watoto hawakusoma katika miezi hiyo, jibu la haraka mjini ni bando, yaani data ya intaneti ya simu. Hakukuwa na pesa za bando, hakukuwa na simu, basi. Jibu hilo ni la kweli lakini ni nusu ya habari. Hata watoto waliokuwa na redio, ambayo haihitaji bando, walisoma kidogo mno. Na sehemu nyingine ya hasara haikutokea shule zikiwa zimefungwa hata kidogo. Ilitokea baada ya kufunguliwa, wakati sisi sote tulikuwa tunashukuru kwamba mambo yamerudi kawaida. Sehemu hii ya pili haizungumzwi vya kutosha, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi.

Kilichowekwa hewani

Serikali haikukaa bure. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilikuwa na hazina ya vipindi vya masomo iliyojengwa kwa miaka mingi, na ndani ya muda mfupi ilikuwa imetoa ratiba: masomo kupitia redio ya KBC siku za wiki, runinga ya Edu, chaneli ya YouTube, na vitabu vya kidijitali katika hifadhi yake ya mtandaoni. Kwa wenye simu ndogo, zile tunazoziita mulika mwizi, kulikuwa na huduma ya Shupavu 291, ambapo mwanafunzi hupokea maswali na maelezo mafupi kwa ujumbe wa kawaida bila intaneti. Julai 2020 hata maputo ya kampuni ya Loon, yaliyopeperuka juu kabisa angani, yalianza kurusha intaneti ya Telkom katika maeneo ya magharibi na kati ya Kenya. Mradi huo ulifungwa mapema mwaka uliofuata.

Ukitazama orodha hiyo, utadhani hakuna mtoto aliyeachwa. Lakini sensa ya mwaka 2019, iliyofanyika miezi michache tu kabla ya janga, ilikuwa tayari imeshatueleza nani ana nini. Kati ya kila nyumba 100 nchini Kenya, karibu 57 zilikuwa na redio. Zilizokuwa na runinga inayofanya kazi ni karibu 41. Zenye intaneti hazikufika 18, na zenye kompyuta au tableti hazikufika 9. Hizo ni hesabu za nchi nzima, na Nairobi ina vifaa zaidi ya kaunti nyingine, lakini wastani wa Nairobi huchanganya Runda ya matajiri na Korogocho ya mabanda katika kapu moja. Shirika la Usawa Agenda lilipofanya uchunguzi katikati ya mwaka 2020, lilikuta kwamba ni watoto 22 tu kati ya kila 100 waliokuwa wanapata masomo ya kidijitali, na wa shule za kibinafsi walikuwa mbele sana ya wa shule za umma.

Kuna jambo moja hapa ambalo hunikera hadi leo. Tangu mwaka 2016 serikali ilikuwa imesambaza zaidi ya vifaa milioni moja vya kidijitali katika shule za msingi za umma, chini ya ule mpango ulioanza kama ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Tableti hizo zilikuwa na masomo yaliyopakiwa ndani tayari, yanayoweza kutumika bila intaneti. Machi 2020 shule zilipofungwa, vifaa hivyo vilifungiwa humo humo. Viliorodheshwa kama mali ya shule, mwalimu mkuu ndiye mwenye kuwajibika kikipotea kimoja, na hakukuwa na utaratibu wa kumkopesha mzazi. Kwa hiyo mtoto alikuwa nyumbani bila kitabu, na mita mia chache kutoka kwao, nyuma ya dirisha la vyuma, tableti zenye masomo yake zilikuwa kabatini. Sisemi kwamba zingetosha, maana nyingi zilikuwa na betri zilizochoka na zililenga madarasa ya chini. Ninasema hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba siku moja mtoto na shule watatenganishwa.

Simu moja ndani ya nyumba

Tuseme familia inaishi katika chumba kimoja cha ploti Mathare: mama, watoto watatu, simu moja ya kugusa. Mama anafua nguo katika nyumba za Eastleigh au Pangani, na hiyo simu ndiyo ofisi yake; akiiacha nyumbani hapati kazi. Anatoka saa kumi na moja asubuhi kafyu inapoisha, anarudi kabla ya saa moja jioni kafyu inapoanza. Katikati ya saa hizo walimu wa watoto wawili wanatuma kazi kwenye WhatsApp. Usiku anaponunua bando ya shilingi ishirini, ujumbe zaidi ya thelathini unamiminika kwa pamoja: picha za kurasa za kitabu, sauti za mwalimu, wazazi wengine wakiuliza karo itakuwaje. Mtoto wa kwanza ananakili maswali kwenye daftari kutoka kwa picha iliyopigwa kiupande. Wa pili anangoja zamu. Betri iko chini na tokeni za stima zimeisha. Majibu yakipigwa picha chini ya mwanga hafifu, mwalimu anapokea karatasi ya kijivu isiyosomeka, na kwa huruma anaandika, "Kazi nzuri."

Walimu waliofanya hivyo walifanya kazi kubwa, wengi kwa bando zao wenyewe. Walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu waliendelea kupata mishahara. Wa shule za kibinafsi za mitaani, zile ndogo za mabati zinazosomesha sehemu kubwa ya watoto wa Mathare, Kibera na Mukuru, mshahara wao hutoka kwa karo ya mwezi huo huo. Karo ilipokauka, mshahara ulikauka wiki hiyo hiyo. Walimu wakawa wauzaji wa mboga, wahudumu wa boda boda, vibarua wa mjengo. Huko Mwea shule moja iliyageuza madarasa yake kuwa ya kuku na mboga, ikapigwa picha na kusambaa duniani kote. Nairobi hapa kuna shule za aina hiyo ambazo mwenye ploti alizikodisha upya kama vyumba vya kuishi, na hazikufunguliwa tena.

Upande wa pili wa mji huo huo, hali ilikuwa nyingine kabisa. Lavington, Karen na Gigiri, watoto wa shule za mitaala ya kigeni walikuwa kwenye Zoom kabla ya Pasaka. Mitihani ya Cambridge ya Juni 2020 ilifutwa, lakini wanafunzi wakapewa alama kutokana na kazi walizokwisha kuzifanya, wakasonga mbele. Ndiyo maana Julai 2020, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alipotangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 utahesabiwa kuwa umepotea na kwamba mitihani ya kitaifa, KCPE ya msingi na KCSE ya upili, haitafanyika mwaka huo, tangazo hilo halikuwagusa Wakenya wote. Septemba mtoto wa Lavington alipanda darasa. Mtoto wa Mathare alikuwa bado anangoja kuambiwa atarudi darasa lipi.

Uamuzi wa Magoha ulilaumiwa sana, ila ulikuwa na haki ndani yake. Iwapo wizara ingesema masomo ya redio na runinga yamehesabiwa, basi ingekuwa imewapitisha wenye runinga na kuwaangusha wasio nayo. Kusimamisha kila mtu kulikuwa njia mbaya iliyokuwa na usawa kuliko njia mbaya nyingine.

Kwa nini redio haikutosha

Sasa tuje kwenye lile la redio, maana hapo ndipo fundo lenyewe lilipo.

Chukua mtoto wa Gredi ya 3 anayejifunza kutoa. Swali ni 52 kutoa 38. Anaandika 26. Amepataje? Ametazama 2 na 8, akaona haiwezekani kutoa kikubwa kwa kidogo, akageuza: 8 kutoa 2 ni 6. Kisha 5 kutoa 3 ni 2. Ishirini na sita. Jibu sahihi ni 14. Kosa hilo si la uzembe, ni kanuni ambayo mtoto amejitungia mwenyewe, na ataitumia kwa uaminifu katika kila swali la aina hiyo. Darasani mwalimu anapita kati ya madawati, anaona 26 mara tatu kwenye daftari moja, anainama na kuuliza, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Mtoto anaeleza, mwalimu anaona pale alipogeuza, anachora vijiti, wanakopa kumi pamoja. Dakika mbili.

Redio haiwezi kuinama juu ya daftari. Inaendelea na swali linalofuata kwa sauti nzuri iliyotayarishwa studio, na mtoto anabaki na kanuni yake. YouTube haiwezi pia. Hata ile picha ya WhatsApp inamwonyesha mwalimu jibu, haimwonyeshi mkono ulivyokwenda. Na mzazi aliyeko nyumbani, ikiwa naye aliacha shule mapema au anarudi amechoka usiku, huenda asitambue kosa liko wapi. Kusoma hasa ni huko kusahihishwa wakati ule ule unapokosea, na mtu wa kukusahihisha ndiye aliyekosekana zaidi ya kifaa.

Kenya yenyewe ilikuwa na ushahidi wa jambo hili tangu zamani. Kati ya mwaka 1980 na 1985 palikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza hadi la tatu, vipindi vikiwa vimetungwa hivi: sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja, sauti inaendelea. Matokeo yalikuwa mazuri. Lakini watoto hao walikuwa darasani, na mwalimu alikuwa amesimama mbele yao. Redio ilikuwa msaidizi wake, haikuwa mbadala wake. Mwaka 2020 tulichukua chombo kile kile tukakiondolea mwalimu, kisha tukashangaa kwamba hakifanyi kazi.

Je, simu ingeweza kumrudisha mwalimu huyo? Jibu lina pande mbili, na linafaa kuelezwa polepole. Botswana, mwaka 2020, watafiti walijaribu jambo dogo: kila wiki familia ilitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali machache ya hesabu, kisha mwalimu akapiga simu ya dakika chache, mzazi na mtoto wakiwa pamoja kwenye spika. Watoto waliopata ujumbe pamoja na simu waliendelea mbele ya wenzao. Jaribio hilo likarudiwa katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na faida ikaonekana tena. Lakini kulikuwa na utafiti mwingine hapa hapa Kenya, wa walimu waliowapigia simu wanafunzi kuwafundisha hesabu mmoja mmoja, na huo haukuonyesha faida kwa jumla. Kwa hiyo simu peke yake si dawa. Ninavyoelewa mimi, tofauti iko katika kinachosemwa kwenye simu hiyo: kama mwalimu anaanza na swali la kupima mtoto yuko wapi, kisha anafundisha kuanzia hapo, kuna tumaini. Kama anasoma somo la wiki lililopangwa kwa gredi, anarudia kazi ya redio kwa gharama kubwa zaidi.

Mambo ambayo shule ilikuwa inafanya kimya kimya

Shule ya mtaa wa mabanda hutoa uji saa nne na githeri mchana. Kwa baadhi ya watoto hicho ndicho chakula cha uhakika cha siku. Hutoa pia saa nane au tisa ambazo mtu mzima anajua mtoto yuko wapi. Hayo hayamo katika mtaala wowote, na hayakuwemo katika ratiba ya masomo ya mbali. Shule zilipofungwa, watoto wakaingia kazini: kuokota plastiki Dandora, kubeba mitungi ya maji, kuuza barakoa kwenye taa za barabarani.

Wasichana ndio waliolipa bei kubwa zaidi. Mwaka 2020 kulikuwa na kelele nyingi kuhusu mimba za wanafunzi, na tarakimu zilizotupwa hewani zilibishaniwa sana. Ushahidi ulio imara zaidi ulikuja baadaye, kutoka kwa utafiti wa kaunti ya Siaya uliochapishwa mwaka 2022. Watafiti walikuwa wakiwafuata wasichana wa shule za upili kabla ya janga, hivyo waliweza kulinganisha kundi lililopitia kufungwa kwa shule na kundi lililomaliza kabla yake. Wasichana waliokaa nyumbani miezi sita walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha masomo. Siaya si Nairobi, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba msichana wa chumba kimoja Kayole alikuwa salama zaidi.

Kurudi mbio

Kufunguliwa kulianza na madarasa matatu: Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne, tarehe 12 Oktoba 2020. Darasa la nane na kidato cha nne kwa sababu ya mitihani, Gredi ya 4 kwa sababu ndilo lilikuwa kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi. Wengine wakafuata Januari. Mazungumzo ya wakati huo yalikuwa ya barakoa, vipimajoto, ndoo za maji na umbali wa mita moja na nusu kati ya madawati. Serikali ikaagiza madawati kutoka kwa mafundi wa jua kali, jambo jema kwa mafundi, lakini katika shule za Eastlands zenye watoto themanini kwa darasa, dawati jipya lilikosa mahali pa kuwekwa. Kukaa mbalimbali kukasahauliwa baada ya wiki chache.

Kisha likaja jambo ambalo wengi tumelisahau. Ili kurudisha kalenda ianzie Januari kama zamani, wizara iliubana muda. Mwaka wa masomo ambao kwa kawaida una takriban wiki 39 ukapunguzwa hadi takriban 30. Mwaka wa 2021 ulianza tarehe 26 Julai 2021. Wa 2022 ukaanza mwisho wa Aprili 2022 na kwisha Novemba. Piga hesabu: miaka miwili mizima ya masomo iliingizwa ndani ya miezi 16 hivi. Likizo zikawa za siku chache. Silabasi haikupunguzwa kwa kiwango kinacholingana, kwa hiyo walimu wakafundisha kwa mbio, na mada ilipokwisha, ilikwisha.

Nani aliumia? Yule mwenye 26 kwenye daftari. Alirudi Januari 2021 akiwa na kanuni yake, pengine pia amesahau kusoma sentensi alizozijua Machi. Hakupewa muda wa kupimwa. Alipandishwa, na mwaka uliofuata mada ikawa kutoa nambari za tarakimu nne, kisha desimali, kisha sehemu. Kila mada mpya ilisimama juu ya ile asiyokuwa nayo.

Kwamba hasara huendelea kukua baada ya shule kufunguliwa si dhana yangu. Mwaka 2005 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu kaskazini mwa Pakistan, na shule za karibu na ufa zikafungwa kwa takriban wiki 14. Miaka minne baadaye watafiti waliwapima watoto wa huko. Waliokuwa karibu na tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo, ingawa walikosa shule kwa miezi mitatu na kitu tu. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni hayo hayo: watoto walirudi, mtaala haukuwangoja, wakazidi kubaki nyuma kila mwaka. Na walioepuka hali hiyo zaidi ni wale ambao mama zao walikuwa wamesoma angalau shule ya msingi. Tena tunarudi kwa mtu aliyekaa kando ya mtoto.

Wakubwa nao walionyesha uchovu kwa njia nyingine. Oktoba na Novemba 2021 mabweni ya shule za upili yalichomwa katika sehemu mbalimbali za nchi, na wizara ikalazimika kuingiza mapumziko ya siku chache katikati ya muhula. Viongozi wengine walizungumzia nidhamu na viboko. Sikubaliani nao. Kijana aliyekaa nyumbani miezi tisa, labda akifanya kazi na kushika pesa yake mwenyewe, kisha akasukumwa bwenini kwa wiki kumi bila kupumua, mtihani ukimngoja mbele, alihitaji mtu wa kuzungumza naye kwanza.

Ni haki kukumbuka kwamba tatizo la watoto kuwa darasa moja na ujuzi wa darasa lingine halikuletwa na korona. Uchunguzi wa Uwezo, unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, ulikuwa ukituambia miaka mingi kabla ya 2020 kwamba ni watoto kama watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Janga lilipanua ufa uliokuwepo. Ndiyo sababu pia dawa yake inajulikana. Shirika la Pratham nchini India limeifanyia kazi kwa miaka mingi: kwa saa moja au mbili kwa siku, watoto wanapangwa kulingana na wanachoweza kusoma na kuhesabu, si kulingana na gredi yao, na kila kundi linafundishwa kuanzia lilipo. Zambia imeuchukua utaratibu huo katika shule zake za umma kwa jina la Catch Up. Haudai intaneti. Unadai mwalimu apewe ruhusa ya kuiacha silabasi kando kwa saa hiyo bila kuogopa mkaguzi.

Kufungwa kwingine kulikwishakuja

Aprili 2024 mvua kubwa ilifurika Mto Mathare na Mto Ngong, nyumba zikasombwa Mathare na Mukuru, na ufunguzi wa muhula wa pili ukaahirishwa kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Ni wiki mbili tu, lakini ni shule kufungwa kwa dharura, miaka mitatu na ushee baada ya ile ya korona. Mtaani nilikokuwa, watoto walikaa tu. Hakuna aliyetaja redio wala ujumbe mfupi, na hakuna mwalimu aliyeambiwa ampigie nani. Familia zilizopoteza madaftari majini zilisubiri kama zilivyosubiri 2020.

Maandalizi yanayohitajika si ya anasa. Kila mwalimu wa darasa awe na orodha ya namba za simu za wazazi, iliyosasishwa kila muhula, ikionyesha ni nani ana simu ya kugusa na ni nani ana mulika mwizi, na saa ngapi simu hiyo huwa nyumbani. Shule iwe na vijitabu vya karatasi vya wiki nne, vya hesabu na kusoma, vikae tayari stoo. Tableti zilizopo ziwe na daftari la kukopesha, na mwalimu mkuu asilipishwe moja ikivunjika mikononi mwa mtoto. Walimu wa shule ndogo za mabati wawekewe kiasi fulani cha dharura, kwa sababu wakiondoka kwenda kutafuta riziki, hakuna mtu wa kupiga hizo simu. Na siku ya kufungua, wiki ya kwanza iwe ya kupima mtoto mmoja mmoja kabla ya kufungua ukurasa wa silabasi.

Waliokuwa Gredi ya 1 Machi 2020 ndio kundi la Gredi ya 7 la Januari 2026. Mzazi mwenye mtoto wa umri huo anaweza kuanza leo jioni bila kungoja wizara. Mpe hadithi fupi ya Kiswahili ya Gredi ya 2 aisome kwa sauti, kisha umuulize imesema nini. Mpe hesabu tatu za kutoa zenye kukopa, ukae kando yake umtazame anavyofanya, usitazame jibu peke yake. Akikwama, andika alipokwamia, na wiki hii hii umpelekee mwalimu wake karatasi hiyo.